Dirisha la Kastadi

Mama yangu alikuwa akiniita Baba. Kwetu Meru jambo hilo halimshangazi mtu. Mimi ni mwana wa pili wa kiume, na mwana wa pili hupewa jina la baba yake mama. Kwa hiyo tangu nikiwa mgongoni niliambiwa, "Baba, nyamaza," na nilipokataa uji nilibembelezwa, "Baba, kula kidogo tu." Babu mwenyewe simkumbuki. Nilikuwa bado natambaa walipomzika.

Nilipotahiriwa, mama aliendelea kuniita hivyo, ila sasa aliniita kupitia dirishani. Kijana wa kwetu akishatoka kwenye tohara haingii tena jikoni kwa mama yake. Hakuna askari mlangoni, wala sheria iliyoandikwa mahali, lakini miguu yenyewe hujua. Nilijengewa chumba cha mbao upande wa pili wa ua, karibu na zizi la ng'ombe, na chakula changu kikawa kinanifikia kupitia dirisha dogo la jikoni, lile la nyuma, linalotazama migomba. Nilisimama nje, mama akawa ndani, na sahani ikapita katikati yetu. Mazungumzo yetu yote ya miaka ile, ya shule, ya ndoto, ya ng'ombe aliyekataa kukamuliwa, yalipitia hapo.

Hii ni habari ya kitu kilichopita katika dirisha hilo kutoka nje kwenda ndani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, huko Githongo, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na kusubiri matokeo. Kahawa ilikuwa imeshachumwa, shamba halikuwa na kazi nyingi, na mimi nisipokuwa na kazi huwa mgonjwa.

Niseme wazi nilivyo. Nikifunga mlango, narudi kuujaribu. Nikikunja shati na ukosi ukakaa upande, nalikunjua nianze upya. Mwalimu wangu wa hesabu aliwahi kuninyang'anya mtihani mikononi, kwa kuwa nilikuwa nafuta jibu sahihi ili niliandike kwa mwandiko mzuri zaidi. Watu huona sifa katika tabia hii. Hawajui kwamba ndani yake mna hofu tupu, hofu ya mtu anayedhani kosa dogo litaita watu waje kumtazama.

Ndiyo maana niliumia kuliko mama mwenyewe siku ya chapati.

Mama alikuwa katika kikundi cha akina mama wa kanisa. Walizunguka nyumba kwa nyumba. Mwenyeji alipelekewa vyombo, sufuria, vikombe au blanketi, naye aliwaandalia wenzake chakula, na hapo ndipo mashindano yalipokuwa. Huyu alipika pilau, yule akachinja kuku, mwingine akaagiza keki kutoka mjini. Zamu ya mama ilipofika mwaka uliotangulia, mvua ilinyesha tangu alfajiri, kuni zikalowa, na chapati zikaiva kwa moshi badala ya moto. Mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kufukuza kunguru, alijaribu kukata moja kwa mkono. Akajaribu tena. Kisha akawageukia wenzake.

"Akina mama, leo tumebeba meno?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama alicheka kuliko wote. Lakini mimi nilikuwa nje ya dirisha la nyuma nikingoja sahani yangu, na nikamwona alipoingia jikoni peke yake. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza, akasimama tu akiitazama meza ile, kisha akapangusa uso kwa leso na kutoka tena akicheka.

Mwaka mzima maneno yale yalimfuata. Akialika mtu chai: "Tubebe meno?" Akipeleka viazi kanisani: "Hivi vinahitaji meno?" Hawakuwa na ubaya. Ndivyo watu wa kwetu wanavyopendana. Lakini zamu yake ilipokaribia tena, alianza kukaa kimya, na siku moja aliponipitishia githeri, mahindi na maharagwe, dirishani alisema bila kuniangalia, "Baba, nitapika nini safari hii?"

Nilichukua sahani yangu. Jibu lilikuja siku chache baadaye, nalo lilitoka redioni.

Alasiri moja nilikuwa nimelala chumbani, redio ikiwa kifuani, nikasikia mama mmoja mwenye sauti ya taratibu akieleza jinsi ya kuoka keki nyepesi, kuimwagia kastadi, na kuipamba kwa matunda. Nilikaa kitako. Alisema: saga siagi na sukari mpaka zipauke, tia mayai moja moja, usifungue oveni mapema, kastadi ikorogwe upande mmoja bila kusita. Kisha akasema maneno ambayo ningeyakariri kama aya ya Jumapili: "Sasa chukua matunda, uyakate vipande vyembamba, uyapange juu ya kastadi kwa mviringo kama ua."

Nilitazama nje. Kwenye uzio wa miti nyuma ya chumba changu, matunda yalikuwa yananing'inia kwa mamia, ya zambarau, mengine yameshaanza kukunjamana kwa utamu.

Hapa inabidi nieleze. Kwa lugha yetu ya nyumbani, matunda ni kitu kimoja. Ni yale ambayo sokoni huitwa pasheni na ambayo nimesikia watu wa pwani wakiyaita karakara. Ndizi ni ndizi, papai ni papai, embe ni embe kutoka kule chini kwenye joto. Ukimwambia mtoto wa kwetu, "Nenda kachume matunda," hatakuuliza yapi. Kiswahili cha shuleni nilikijua vizuri, na katika insha nisingekosea kamwe. Lakini redio ile ilinikuta nyumbani, nimelala, ikizungumza habari za chakula, na masikio yangu yakaisikia kwa lugha ya mama.

Kopo la unga wa kastadi nililipata katika duka moja la mjini Nkubu. Lilikuwa kwenye rafu ya juu, lina vumbi kifuniko kizima. Mwenye duka alilipangusa kwa kiwiko akaniuliza kwa upole, "Mgonjwa wenu anaendeleaje?" Kwetu kastadi ilikuwa chakula cha mtu aliyetoka hospitali. Nilisema anaendelea vizuri. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Oveni sikuwa nayo, wala sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Nilichokuwa nacho ni jiko la makaa, sufuria kubwa ya harusi ambayo mama aliniazima na kuniletea mlangoni bila kuuliza, sufuria nyingine ya kukaa ndani yake, na mchanga uliobaki baba alipojenga tangi la maji. Nilitandaza mchanga ndani ya ile kubwa, nikaweka ile ndogo juu ya mchanga, nikafunika kwa bati na kupanga makaa ya moto juu ya bati. Hakuna aliyenifundisha. Nilifikiri tu kwamba kama chini pana moto na juu pana moto, keki itakosa pa kukimbilia.

Ilipata. Ya kwanza iliungua chini, ikafanya ukoko kama wa ugali. Ya pili niliifungua kila dakika, maana sikuweza kuvumilia kutojua, ikabonyea katikati kama kiti cha mzee. Ya tatu ilinuka moshi. Baba alipita akitoka kukata majani ya ng'ombe, akasimama mlangoni kwangu na mzigo begani.

"Unachoma nini humo?"

"Keki, baba."

"Keki hununuliwa," akasema, akaenda zake.

Mayai na maziwa yalinijia kupitia dirishani. Mama hakuwa ameambiwa lolote, lakini wanawake hawahitaji kuambiwa mayai yanakwenda wapi. Aliyapitisha mawili mawili, akisema tu, "Baba, kuku nao wanachoka."

Keki iliponikubali, nilifika kwenye matunda. Nikachukua kisu. Nikachukua tunda moja, nikaanza kulikata vipande vyembamba.

Anayejua pasheni ameshaanza kucheka. Ganda ni gumu kama ngozi ya ngoma na ndani ni maji na mbegu. Kisu kilipopita, ndani yote ilimwagika juu ya meza, nikabaki na kipete kitupu cha zambarau mkononi. Nikafikiri kisu ni butu. Nikakinoa. Nikafikiri tunda limeiva mno. Nikachuma la kijani. Hilo nalo nililikata nusu nusu, likanitoka mikononi, likabingirika hadi chini ya kitanda. Mwishowe nilipata vipande kadhaa vilivyoshikamana kidogo, ganda na yote, nikavipanga kwa mviringo kama ua, sawasawa kama redio ilivyosema, nikatafuna kimoja. Uchungu wa lile ganda ulinivuta masikio.

Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba nilikuwa nimesikia vibaya. Hiyo ndiyo akili yangu. Jambo likishindikana, kosa ni langu, si la maagizo. Nilikaa kitandani nikiwaza juu ya mama wa redioni na mikono yake, nikimwona akikata pasheni nyembamba kama karatasi, zikikaa wima, zisimwage hata tone. Nilimwonea wivu mkubwa.

Basi nikaacha kukata. Nikapasua matunda kama tulivyopasua utotoni, nikakwangua ndani kwa kijiko, nikaanza kuchuja kwa chujio la chai ili mbegu zisiharibu sura. Nikiwa katikati ya kazi hiyo, akaingia rafiki yangu wa rika, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja. Alisimama mlangoni, akaangalia chujio, akaangalia aproni niliyoitengeneza kwa gunia la sukari.

"Muthaka," akaniita. Hivyo ndivyo tunavyoitana vijana tuliokwisha kuvuka. "Unachuja nini na hakuna chai?"

"Matunda."

"Na hilo gunia kiunoni ni la nini?"

"Nisichafuke."

"Aa. Kesho nikija nitakukuta unasuka kiondo na akina mama."

Masikio yaliniwaka. Nilitaka kuficha kila kitu chini ya kitanda, na huenda ningefanya hivyo kama pasingekuwa na sufuria ya moto. Badala yake nikachota keki, kastadi na rojo la matunda kwenye kijiko kimoja, nikamnyoshea. Akala. Akanyosha mkono bila kuniangalia.

"Ongeza."

Nikaongeza. Alipomaliza akajipangusa mdomo, akatoka nje, kisha akarudisha kichwa ndani.

"Mimi sijala kitu hapa. Umesikia?"

Jioni ile nilipeleka kijiko kingine dirishani. Mama aliacha kupepeta mchele, akaonja, akafumba macho. Nilisubiri kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Mbona hakina mbegu?"

"Nimechuja. Ni kwa ajili ya sura."

"Tunda bila mbegu ni juisi, Baba. Rudisha mbegu." Akaonja tena. "Umefundishwa na nani?"

"Redio."

Alikwangua kijiko hadi kikang'aa. Nikaona wazo linamjia usoni polepole. "Hiki kinaweza kutosha wanawake wa kikundi?"

"Nikitumia ile sufuria kubwa yenyewe."

"Lakini," akasema, akakigeuza kijiko mkononi. Nilijua yaliyokuwa nyuma ya ile lakini. Wangesema mtoto wake aliyetahiriwa anavaa gunia kiunoni na kuoka keki. Wangesema hana binti, sasa amemfanya kijana binti. Mzaha wa meno ungekuwa mdogo mbele ya huo.

"Sema umepika wewe," nikamwambia haraka. "Mimi sitaki kujulikana."

Nilisema uongo. Nilitaka kujulikana kuliko kitu chochote. Nilitaka atoke mbele ya wanawake wale wote aseme ni mimi. Lakini nilimtakia zaidi siku moja ya kukaa bila kuogopa kicheko, na vyote viwili, kwa hesabu yangu, visingeweza kukaa kwenye sahani moja.

"Sawa," mama akasema. Wala hakuonekana kufurahi.

Siku ya wageni niliamka kabla ya ndege. Karai la kuogea lenye mchanga lilikaa juu ya mawe ya moto, na sufuria ya harusi, keki ikiwa ndani yake, ikakaa juu ya mchanga. Sitasimulia wasiwasi wa asubuhi ile, isipokuwa kwamba sikufungua kifuniko. Nilikaa juu ya mikono yangu mwenyewe ili nisikifungue. Keki ilipanda, ikasimama. Nilikoroga kastadi upande mmoja bila kusita mpaka bega likafa ganzi, na madonge yaliyojitokeza niliyapitisha kwenye chujio la chai. Ilipopoa na kushikana, nikaitandaza rangi yake ya njano mpaka ukingoni, na juu yake nikamwaga matunda, mbegu zake nyeusi zikaenea kama nilivyotaka. Nilizunguka ile sufuria nikiitafutia kasoro. Sikuiona. Nilizunguka tena.

Kisha nikasikia nyimbo langoni. Wageni wamefika, na mapema.

Ua wetu ulikuwa mbele, na mlango wa jikoni ulitazama ua. Wanawake walikuwa wanakaa pale pale kwenye viti vya kuazima, wakicheka, mwenyekiti akiwa amejaza benchi. Kupita mbele yao na sufuria mikononi ilikuwa sawa na kutangaza kwa kipaza sauti. Nikapitia nyuma ya zizi, katikati ya migomba, nimeikumbatia sufuria kama mtoto mchanga, nikafika dirishani.

"Mama. Pokea."

Mama alinyosha mikono. Sufuria ikagonga fremu upande huu, ikagonga fremu upande ule. Haikupita.

Nilikuwa nimepima unga. Nilikuwa nimepima maziwa, na urefu wa kijiko, na umbali wa makaa. Sikuwa nimepima dirisha. Dirisha lilitosha sahani, siku zote lilitosha sahani, na mimi nilikuwa nimeoka kitu kikubwa kuliko njia yake. Kuinamisha sikuweza, maana kastadi ingeteleza na matunda yangemwagika. Nilihisi machozi yakija, machozi ya upumbavu, kijana mzima nyuma ya jiko la mama yake.

"Usilie juu ya chakula," mama akasema. "Shikilia hapo hapo."

Akatoweka. Akarudi na panga. Akaliingiza nyuma ya ubao wa upande mmoja wa dirisha, akalikandamiza kwa uzito wake wote, na misumari ikalia kama nguruwe. Huko mbele wimbo ulikuwa umepamba moto, na nadhani ndio uliotuokoa. Ubao ukang'oka. Mama akautupa nyuma yake, akanyosha mikono.

"Leta sasa, Baba."

Ikapita. Iligusa kidogo tu upande mmoja, ikaacha alama ya njano kwenye kizingiti.

Nilibaki pale nyuma, mgongo kwenye ukuta wa mbao, nikisikiliza. Nilisikia wali ukiliwa, na nyama ikisifiwa kwa adabu ya kawaida. Nilisikia sufuria ikitolewa, sahani zikigawiwa, vijiko. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kutoka kwa kikundi kile. Kimya. Vijiko tu, na mbegu zikitafunwa.

Mwenyekiti ndiye aliyekivunja. "Wenzangu. Leo meno tumeyabeba bure."

"Si bure," akasema mwingine, "yangu yanacheza na mbegu!"

Kicheko kilipanda juu ya paa, na ndani yake nilisikia cha mama, na safari hii hakikuwa kicheko cha mtu anayejikinga.

Ningetosheka hapo. Nilijiambia nimetosheka. Lakini wanawake wa kwetu hawali kitu kizuri bila kukihoji.

"Umetia mayai mangapi?" mmoja akauliza. Mama akajibu vizuri, maana mayai aliyapitisha yeye. "Maziwa ya ng'ombe yupi?" Hilo nalo alilijua. Kisha mwalimu wa shule ya msingi, mwanachama mpole kuliko wote, akauliza, "Na umeoka na nini, mwenzetu, maana sioni oveni?"

Mama akakohoa. "Moto," akasema.

"Moto wapi?" Nikasikia benchi likilia, mwenyekiti alikuwa amesimama. "Hebu nikaione hiyo oveni." Hatua zake zikaingia jikoni, upande wa pili wa ukuta niliouegemea. Zikasimama. Nilijibandika ukutani. Alikuwa anatazama dirisha, nami nilijua anachokiona: misumari imepinda, ubao sakafuni, panga mezani, kizingiti kina kastadi.

Akatoka nje tena. "Dirisha lako limevunjwa kutoka ndani," akatangaza, "na mwizi ameacha kastadi badala ya kuiba. Sema ukweli, dada. Nani amekuokea?"

Nilifumba macho. Nilimwomba Mungu mama aseme yeye mwenyewe amepika, kama tulivyopatana, na wakati huo huo nilimwomba asiseme hivyo.

"Nimeokewa na baba yangu," mama akasema.

"Baba yako!" mtu akashangaa. "Si tulimzika sisi wenyewe?"

"Mlizika mmoja," mama akasema. "Mwingine yuko nyuma ya jiko anatetemeka. Baba! Njoo hapa uonekane."

Sijui nilifikaje mbele. Najua tu kwamba gunia la sukari lilikuwa bado kiunoni mwangu na nilikuwa nimesahau kulivua. Macho yote yalishuka kwenye gunia, yakapanda usoni. Nikasubiri kiondo, nikasubiri binti, nikasubiri yote.

"Huyu?" mwenyekiti akasema. "Huyu mrefu?"

"Huyu," mama akajibu. "Alioka chumbani kwake, kwa mchanga na makaa. Jikoni kwangu hajaingia, kwa hiyo hakuna mila iliyovunjwa." Akainua kidevu. "Kilichovunjwa ni dirisha, na nimelivunja mimi."

Hata leo nikiwa peke yangu huyasikia maneno hayo. Mama yangu hakuwa mtu wa kuinua kidevu.

Mwalimu alikuwa bado anakula, taratibu. "Kijana," akasema, "si uliitoa kwenye redio? Kipindi kile cha alasiri? Hata mimi nilikisikiliza. Mimi nilitumia ndizi na papai."

"Lakini walisema matunda, mwalimu," nikamjibu. Nilitaka kumsahihisha kwa heshima.

"Ndiyo. Matunda. Matunda yoyote."

Nilihisi ardhi inaondoka. Lile neno lilijigeuza kichwani mwangu kama shati linalogeuzwa upande sahihi. Matunda. Vipande vyembamba. Kwa mviringo kama ua. Ndizi, bila shaka. Papai. Mtu yeyote. Na kwa sababu hofu ikizidi sana kwangu hugeuka kuwa maneno, nikasema ukweli wote pale pale, mbele ya kikundi kizima.

"Mimi nilikata pasheni vipande vyembamba. Na maganda yake. Na kisu nikakinoa."

Mwenyekiti alinitazama. "Ukazipanga kama ua?"

"Kama ua."

Alianza kucheka tumboni kwanza, sauti haijatoka, benchi likatikisika, kisha wote wakaanguka. Mwalimu alilazimika kuweka sahani chini. Mama alishika nguzo ya baraza. Na mimi, ambaye niliishi maisha yangu yote nikikimbia sauti hiyo, nilisimama katikati yake na gunia langu kiunoni, nikajikuta nacheka pia, kwa sababu niliweza kumwona yule kijana akikimbiza tunda la kijani chini ya kitanda, na nilimpenda.

Mwenyekiti alijipangusa macho. "Mwalimu, yako ya ndizi nilikula. Unisamehe. Tamu juu ya tamu, mtu anachoka." Akakwangua sahani yake. "Hii ina ukali wake. Inakuamsha. Huyu kijana alisikia vibaya, akapika vizuri." Kisha akanielekezea kijiko. "Mwezi ujao ni zamu yangu. Utakuja na hilo jiko lako, na mchanga wako, ukae nje ya jikoni kwangu. Gunia usilisahau."

Nilikwenda. Na kwa yule aliyemfuata pia nilikwenda. Tangu wakati huo pande zile kastadi ni kastadi ya pasheni, na hakuna mtu anayeuliza meno. Nimekula ya ndizi mara kadhaa tangu hapo, katika hoteli zenye vitambaa mezani, na kila mara nimengojea ukali ambao haukuja.

Lakini siku ile, wageni walipoondoka wakiimba, nilirudi nyuma ya jiko kwa mazoea, nikasimama kati ya migomba. Mama alikuwa ndani, akipanga vikombe vipya alivyoletewa. Aliniona. Akainama chini ya meza, akatoa sahani iliyofunikwa kwa nyingine, akaipitisha kwenye dirisha lililopanuka. Ilipita na nafasi ikabaki.

"Ulifikiri nitawaachia wote wamalize?"

Kumbe ya siku ile mimi mwenyewe sikuwa nimeionja. Nilikula nimesimama, yeye akinitazama, viwiko vyake vikiwa kwenye kizingiti, karibu na mahali ubao ulipokuwa.

"Nitapigilia ubao kesho," nikasema.

"Acha," mama akasema. "Huwezi kujua kitakachopita tena hapa."

Katika kijiko cha mwisho ulimi wangu ulikutana na donge. Donge dogo la kastadi, lililoponyoka kwenye chujio, gumu kidogo, halina ladha. Nililishikilia mdomoni kwa muda. Mama alikuwa bado anatabasamu.

Nikalimeza, nikamrudishia sahani.